Picha ya Nguzo ya Nne

Fundi Sikio alikuwa amepiga magoti mbele ya nguzo ya nne, kichwa kimeinama kama mtu anayechungulia uvunguni, nyapara alipopita nyuma yake na kumwuliza kama amekuja kupima au kuomba msamaha.

"Vyote viwili," Sikio akajibu bila kugeuka. "Nguzo zako hizi, mzee, zikisimama mbele ya hakimu hakuna hata moja itakayoachiwa."

"Ya tatu si umeipitisha jana bila kununa? Na hii maliza upesi. Kreni ya kupandisha boriti inaingia kesho kutwa, na ikishaingia haimsubiri mtu anayebembeleza ukuta."

Nyapara akacheka mwenyewe, akaenda zake.

Daraja lilikuwa bado halijawa daraja. Zilikuwa nguzo sita tu zilizosimama bondeni, kila moja pana kama ukuta wa nyumba na nene kupita kidogo mita moja, zikingoja kubebeshwa mzigo. Kabla ya kubebeshwa zilipaswa kupimwa, na mpimaji alikuwa yeye. Kazi hiyo aliiokota vipande vipande, miaka saba ya kubeba vifaa vya wenzake huku akiiba ujuzi kwa jicho la pembeni, mpaka siku moja mwenye kifaa akaugua na yeye akaambiwa ashike. Hakukiachia tena.

Kifaa chenyewe kilikuwa kisanduku cha kama tofali moja. Tumboni kilikuwa na vidole arobaini na vinane vya chuma, kila kidole na springi yake. Ukikikandamiza ukutani, kidole kimoja kinapiga sauti isiyosikika kwa mtu, vingine vyote vinanyamaza vikisikiliza mwangwi. Kisha cha pili kinapiga, cha tatu, mpaka zamu inazunguka. Ni kama uwapange watu ndani ya ghala lenye giza, mmoja apige kofi, wengine kila mmoja aseme mwangwi umemfikia baada ya muda gani. Ukiyaunganisha maneno ya wote utajua ndani ya ghala mna nini na kiko wapi, ingawa hakuna aliyeona kitu. Kuunganisha ndiyo kazi ya mashine. Inakuletea picha kwenye kioo: bluu ni zege zima, njano ni chuma, nyekundu ni hewa. Sauti ikikutana na hewa haivuki, inarudi yote. Kwa hiyo panapokuwa na shimo, hata upande wa pili wa nguzo hauonekani. Ni kama umetundikiwa pazia.

Sikio alikuwa amechora miraba ya chaki nguzo nzima, akaanza chini kabisa, kwenye kitako kilichotangulia kumwagwa. Mstari wa kwanza bluu. Wa pili bluu, na nondo zimejipanga njano kama vifungo vya shati. Wa tatu, kioo kikageuka chekundu.

Mwanzoni hakushtuka. Mashimo ndani ya zege ameyaona mengi kuliko vyumba alivyowahi kulala. Zege lisipotetemeshwa vizuri kokoto hujikusanya zenyewe bila saruji, pakabaki vitundu vitundu, ndicho mafundi wanachokiita sega. Lakini sega kwenye kioo hutawanyika kama mchanga uliomwagwa. Hili lilikuwa na ukingo. Lilikuwa limelala, urefu wake mita moja na nusu hivi, nene upande mmoja, upande mwingine limepinda. Na ubavuni mwake palikuwa na mstari mfupi wa njano, umekaa mshazari. Nondo za nguzo zimesimama wima au zimelazwa. Hakuna mfunga nondo anayeweka chuma mshazari.

Akapangusa vidole vya kifaa kwa kitambaa, akapima upya. Akasogea shubiri mbili kushoto, akapima. Akazima, akawasha, akapima mara ya tatu. Kitu ni kilekile.

Akakaa chini kwenye vumbi.

Miezi tisa nyuma, siku ileile nguzo hii ilipomwagwa zege, shemeji yake alipotea.

Alikuwa mdogo wa mkewe, kitinda mimba, kila mtu akimwita Pono kwa sababu alilala kama pono. Alilala juu ya kokoto, alilala amesimama, na siku moja alilala ndani ya toroli akasukumwa nalo mpaka mtoni bila kujua. Sikio ndiye aliyemtafutia kazi pale. Alipewa usafi wa ndani ya fomu, yale makasha ya mbao ya kumwagia zege. Kabla zege halijaingia, mtu hupenya kwenye kidirisha kilichoachwa chini, akajipinda katikati ya nondo kuokota vipande vya waya, mbao na makaratasi, na kuchokonoa kwa mtaimbo mfupi mabaki yaliyoganda.

Mle ndani ni pembamba, na helmeti, ile kofia ngumu ya kazi, hukwama kwenye nondo. Kwa hiyo watu wa zege walikuwa na utaratibu wao. Anayeingia anavua helmeti na kuitundika kwenye msumari kando ya kidirisha. Akitoka, anaivaa. Nyapara hazungumzi na mtu. Anazunguka nguzo, asipoona kofia anafunga kidirisha na kunyoosha mkono, na kreni inashusha ndoo ya kwanza. Akiiona kofia, hata kama zege linaganda ndani ya malori, hakuna kinachomwagwa. Miaka kumi na minne alikwenda hivyo, hakuwahi kupoteza hata kidole cha mtu.

Siku ile Pono alipopotea mvua ilikuja ghafla, mchana. Sikio hakuwa mtu wa zege. Alikuwa amekuja kupima nguzo ya pili. Akikimbilia bandani alipita pale kwenye ya nne akaona kofia imening'inia kwa ukanda wake, mdomo juu, inajaa maji kama sufuria. Hakuona mtu. Akajisemea kuna mjinga amesahau kofia yake, na jioni atajimwagia ndoo nzima kichwani. Akaitungua, akamwaga maji, akaokota na nyingine mbili zilizokuwa juu ya mbao, akazitupa zote bandani kwenye benchi. Utaratibu wa msumari aliujua, lakini aliujua kama mgeni anavyojua sheria za nyumba ya watu: anaziheshimu akizikumbuka.

Mvua ilipopungua, malori yalikuwa yamekwisha kungoja kupita kiasi. Nyapara alizunguka mbiombio, hakuona kofia, akafunga. Akanyoosha mkono.

Jioni Pono hakurudi nyumbani. Watu wakasema asubuhi alikuwa amefokeana na nyapara kwa kuchelewa. Mwingine akasema amemwona kituo cha basi na mfuko begani. Mtaimbo wake haukuonekana, basi ikawa ameondoka nao, akawa mwizi juu ya kuwa mtoro. Siku ya tatu, wakinywa chai bandani, mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini kama haiwezekani huyu mtu yumo mle nguzoni. Nyapara hakukasirika. "Kofia haikuwepo," alisema. "Niliangalia kwa macho yangu haya." Wote wakarudi kwenye chai yao, maana walimjua si mtu wa kusema uongo. Sikio alikuwa amekaa nao, kikombe mkononi, chai ikimpoa.

Alijiambia zilikuwa kofia tatu, nani ajuaye ni ya nani. Alijiambia pengine haikuwa nguzo hiyo, pengine ilikuwa ya tano. Mara ya kwanza maneno hayo yalimkwama kooni. Mara ya pili yakapita. Baada ya mwezi akawa anayaamini kama jina lake.

Sasa kioo kilikuwa mapajani mwake, kimewaka.

"Fundi, umeota mizizi hapo tangu saa mbili. Umepata nini?"

Alikuwa Injinia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, asiyetumia maneno mawili mahali ambapo moja latosha. Nyapara alikuwa nyuma yake.

"Kuna shimo," Sikio akasema.

Nyapara akainama kutazama. "Sega hilo."

"Sega halina ukingo."

"Basi ni nini?" akauliza Injinia.

Nafasi ilikuwa hiyo. Neno lilimfika kwenye meno, likageuka likarudi.

"Labda gunia," akasema. "Labda kipande cha mbao kilisahaulika mle."

"Gunia gani tena?" Nyapara akanyooka. "Mle ndani mlisafishwa. Na aliyesafisha ni huyo shemeji yako, kabla hajatukimbia na mtaimbo wangu. Kama ameacha gunia, kamwulize hukohuko aliko."

"Wacheni hayo," Injinia akasema. "Liko ndani kiasi gani?"

"Sentimita hamsini."

"Limegusa nondo kubwa?"

"Halijagusa."

"Basi tutadunga. Kesho saa tatu watatoboa matundu manne, watasukuma saruji laini mpaka pajae. Likiganda utapima tena, picha ikiwa safi tunapitisha. Niandikie mapendekezo yako kabla hujaondoka."

Wakamwacha. Sikio aliujua udungaji huo vizuri, ameupendekeza mara mia. Mashine yake haisikii maiti wala haisikii mbao, inasikia hewa, ile inayobaki mwili ukishasinyaa ndani ya zege. Saruji ikishaingia mahali pa hewa sauti itapita moja kwa moja, na kioo kitakuwa bluu kutoka ukingo hadi ukingo. Pono atabaki humo ndani ya bluu, na wizi wake wa mtaimbo, na daraja juu yake, na hakuna mashine duniani itakayomwona tena.

Akachukua karatasi ya ripoti, akaandika: shimo moja, lidungwe. Mkono uliandika wenyewe kwa mazoea. Akatia sahihi.

Nyumbani alifika jua bado liko juu. Mkewe alikuwa anaanua nguo. Mama mkwe, ambaye tangu Pono apotee alihamia kwao, alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele.

"Baba watoto, leo mapema hivi? Mashine imekufa?"

"Haijafa."

"Basi anayekufa ni wewe. Uso umekupauka kama umeramba majivu."

"Mwache anywe maji kwanza," mama mkwe akasema. "Wewe ukishaanza kuhoji ni kama karani wa mahakama."

"Karani angekuwa amenisikiliza leo." Mke akatupa nguo begani. "Nimetoka kituoni tena. Yule askari anasema mtu mzima akiondoka kwa miguu yake hajapotea, ameondoka tu. Halafu ananiuliza kama ni kweli aliiba mtaimbo. Mtaimbo, baba watoto. Mtu aache godoro lake, aache redio yake, amwache mama yake mzazi, akimbie na chuma cha kuchokonolea?"

"Tena akimbie," mama mkwe akasema. "Huyo hata afukuzwe na mbwa atalala njiani, mbwa amsubiri."

Mkewe akacheka, mama naye akacheka huku akipepeta ungo. Sikio akacheka pamoja nao, lakini kicheko kilimkatikia njiani, akajifanya amepaliwa na maji.

"Mkwe," mama mkwe akasema baada ya kitambo, macho yako kwenye mchele. "Hiyo mashine yenu si inaona kilicho ndani ya ukuta?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa haiwezi kumtafuta mtu?"

"Inasikia hewa tu, mama. Mahali palipotakiwa pawe na zege, halafu hakuna."

"Ahaa," akasema taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia na kuielewa. "Kumbe inasikia kisichokuwepo."

Chakula hakukigusa. Mkewe aliiondoa sahani ikiwa vilevile.

Asubuhi alipofika kazini, mdungaji alikuwa ameshaweka pampu yake tayari. Alama nne nyeusi zilikuwa zimewekwa juu ya miraba ya chaki, na drili ilikuwa imeinuliwa kwenye alama ya kwanza. Sikio akamshika mkono.

"Ngoja kwanza."

"Fundi, hiki ni chuma kinachozunguka, hakishikwi hivyo. Umesahau kitu?"

"Ngoja tu. Usiwashe."

Akaenda moja kwa moja bandani. Injinia na nyapara walikuwa wameinamia mchoro. Aliona kwamba akikaa atashindwa, basi akasema akiwa amesimama mlangoni.

"Mle ndani kuna mtu."

Nyapara akainua kichwa. "Mtu gani?"

"Pono."

Sikio alitegemea matusi. Badala yake uso wa nyapara ulilainika, na hilo likawa baya zaidi.

"Fundi, sikia. Najua nyumbani kwako mna msiba usio na maiti, na mtu wa namna hiyo anaona ndugu yake kila mahali. Lakini siku ile nilizunguka mwenyewe. Kofia haikuwepo. Tangu nianze kazi hii sijafunga kidirisha chenye kofia, hata siku moja."

"Ilikuwepo. Niliitoa mimi."

Nje, mtu alikuwa akigonga msumari. Akagonga mara tatu, nne, akaacha.

"Rudia," nyapara akasema.

"Mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa inajaa maji. Niliitungua nikaileta hapa, kwenye benchi hilo. Wewe ulipozunguka ilikuwa tayari imekwisha toka."

Nyapara akatazama benchi. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, ule anaounyoosha kuita ndoo, akauweka juu ya goti kama kitu cha mtu mwingine.

"Miezi tisa," akasema. "Miezi tisa umekaa hapa ukinywa chai na mimi. Nilikuwa nasema kofia haikuwepo, wewe unaitikia kwa kichwa."

"Ndiyo."

"Na mwizi nikamwita mbele yako."

Injinia alikuwa ameshatoka. Wakamsikia akimwambia mdungaji atoe drili na achomoe waya kabisa, asiuguse mtu. Kisha akapiga simu polisi. Aliporudi alimwambia Sikio awaarifu nyumbani.

"Nitakwenda mwenyewe."

"Huendi popote kabla hawajafika. Piga simu."

Mkewe alipokea akihema, kama aliyekimbilia simu.

"Mama watoto, njoo kazini kwangu. Njoo na mama. Tumempata."

"Yu mzima?"

"Hapana."

"Yuko wapi?"

"Njooni tu."

Walipofika, askari wawili walikuwa wamesimama kando ya nguzo, na wafanyakazi wote wameacha kazi. Sikio aliwaeleza mbele za watu, hakuruka kitu: picha, mvua, kofia, benchi. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ya tatu. Nilijikataza kujua."

"Siku ya tatu." Alilirudia kama anahesabu. "Siku ya tatu ndiyo ulinisindikiza kituoni. Ukawaambia ana tabia ya kuzurura."

"Ndiyo."

Hakumpiga, hakumtukana. Alizunguka tu akaenda upande wa pili wa mama yake, ili mama awe katikati yao.

Mama mkwe alikuwa anaitazama nguzo kutoka chini hadi juu. Watu walimsogezea ndoo iliyopinduliwa, akakaa.

"Alikuwa amelala," akasema. "Aliingia mle akaona kivuli, akajilaza. Mwanangu akilala hata umwagiwe nini juu yake hajui. Amekwenda usingizini."

"Kabisa, mama," watu wakaitikia. "Hakujua kitu."

"Hakujua kitu," nyapara naye akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Wote walilishika neno hilo kama watu wanaoshika kamba moja, na hata Sikio, aliyekuwa amesimama mbali, alilishika.

Wakaitwa wavunjaji na mashine zao za kupasua zege. Mkubwa wao akatazama picha ya jana. Akasema rahisi ni kuanzia juu ya hilo shimo, shubiri moja na nusu juu ya kichwa, washuke pole pole mpaka walifikie.

"Picha hii haitoshi," Injinia akasema. "Ilipigwa kwa ajili ya kudunga, miraba ni mikubwa mno. Mkipasua kwa picha hii mtampasua na yeye." Akamgeukia Sikio. "Mchore upya. Miraba midogo. Nataka ukingo wake wote uonekane hapo ukutani."

Askari mmoja akauliza kama hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Hakukuwa na mwingine. "Basi afanye," akasema, "halafu tutaondoka naye."

Sikio akapiga magoti. Miraba midogo ilitaka kifaa kishikwe kwa mikono yote miwili bila kukiachia, na chaki ikakosa mtu. Mkewe akaja akaichukua kutoka chini.

"Sema," akamwambia.

"Hapa."

Akaweka nukta.

"Hapa. Na hapa. Shuka kidogo. Hapa."

Miaka kumi na tisa walikuwa wameishi pamoja na hawakuwahi kufanya kazi ya aina hii wawili. Alikuwa anaweka nukta zake vizuri, bila haraka, na Sikio alikuwa anazitaja. Magoti yakatokea, yamekunjwa. Mgongo ukatokea. Mtaimbo ukatokea ubavuni, na mkewe akauchora huo mstari mzima, akaukoleza, ili kila mtu auone. Kisha bega, kisha kichwa. Mtu alikuwa amelala kwa ubavu kama alivyolala siku zote, na watu nyuma yao wakanong'ona kwamba ndiyo hivyo, alikuwa usingizini, maskini.

Kikabaki kipande cha juu ya kichwa, pale wavunjaji walipotaka kuanzia. Hapo pangekuwa bluu, kazi ingekuwa imekwisha.

Hapakuwa bluu. Palikuwa na uzi mwekundu, mwembamba, upana wa kifundo cha mkono. Ulitoka begani ukapanda. Sikio akapandisha kifaa mraba mmoja, uzi ulikuwepo. Akapandisha mwingine, ulikuwepo. Mraba wa tano ukapanuka kidogo, ukaishia hapo.

Akaganda, kifaa kimekandamizwa ukutani.

"Wapi?" mkewe akauliza.

Mama mkwe alikuwa hatua nne nyuma yao, juu ya ndoo yake, anaona kila nukta inayowekwa. Akisema pamekwisha, mvunjaji ataweka ncha ya mashine yake palepale, katikati ya huo uzi.

"Baba watoto. Wapi?"

"Hapa," Sikio akasema.

Akaweka nukta.

"Juu kidogo. Hapa. Na hapa." Ikabidi mkewe ainuke kutoka kwenye magoti. "Na hapa. Basi."

Mkewe akaziunganisha nukta. Alipofika juu aliuondoa mkono ukutani, akarudi nyuma hatua moja, na chaki ikamdondoka.

Hakuna aliyenong'ona. Mama mkwe akainuka, akaja mpaka kwenye nguzo. Akapitisha kidole juu ya mgongo, juu ya kichwa, akaufuata ule mstari hadi unapoishia, akaweka kiganja chake hapo.

"Huu ni nini?"

Watu wakatazama chini.

"Mkwe, nakuuliza wewe. Huu ni nini?"

"Mkono, mama."

"Ameuinua."

"Ndiyo."

"Basi aliamka."

Nyapara alisema kitu nyuma yao, kitu kama wacha, usimwambie, lakini sauti haikumtoka vizuri.

"Aliamka, mama," Sikio akasema.

Mama mkwe hakuondoa kiganja kwenye zege. Kisha akawaambia wavunjaji waanzie ubavuni, mbali na mkono, na waende taratibu. Askari akamgusa Sikio kiwiko, akimwonyesha gari.

"Asiondoke," mama mkwe akasema. "Atakaa hapo mpaka mwanangu atoke. Halafu mchukueni."

Mashine ikawashwa.